Kwa Nini Uzito Huongezeka Ukubwani: Maelezo kwa Wakazi wa Othaya

Mtu mzima anapofika katika zahanati au hospitali hapa Othaya, kwa kawaida hupimwa uzito na shinikizo la damu kabla ya kumwona daktari. Akiambiwa kwamba uzito umezidi, majibu huwa yanafanana. "Daktari, huu ni umri." "Ni watoto niliozaa." "Kwetu sote ni wanene." "Mimi hata sili sana."

Kila jibu lina ukweli kiasi. Lakini mtu akiishia hapo, atatoka akiamini kwamba hakuna la kufanya, na kumbe sababu iliyo kubwa kwa watu wengi iko mikononi mwake: anachokula na kunywa kila siku. Makala haya yanaeleza sababu hizo moja baada ya nyingine, ipi ina uzito na ipi ni ndogo, ipi unaweza kuibadilisha nyumbani na ipi inahitaji daktari.

Hali ilivyo

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008-09 ulionyesha kwamba wanawake 25 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia 2014 walikuwa 33 kati ya 100. Uchunguzi wa 2022, uliohesabu wanawake wa miaka 20 hadi 49, ulikuta takriban 45 kati ya 100. Hesabu hii ya mwisho haikujumuisha wasichana wa chini ya miaka 20, lakini mwelekeo uko wazi.

Wanaume hawajaachwa nyuma kabisa. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu vyanzo vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mwanamume mmoja kati ya sita alikuwa na uzito uliozidi. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Mnamo Desemba 2018, serikali ya kitaifa ilipoanza majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliteuliwa kwa sababu ya wingi wa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na presha. Uzito uliozidi si chanzo pekee cha magonjwa hayo, na mtu mwembamba pia anaweza kuyapata. Hata hivyo, unene huongeza hatari ya kisukari, presha, kiharusi, magonjwa ya moyo, maumivu ya magoti, na baadhi ya saratani, ikiwemo ya utumbo mpana na ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi.

Hesabu ndogo ya kila siku

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo chakula huupa mwili. Nguvu isiyotumika huhifadhiwa kama mafuta. Wengi wetu hudhani mtu hunenepa kwa kula kupita kiasi siku za sherehe. Ukweli ni kwamba uzito mwingi wa watu wazima huingia kidogo kidogo, siku za kawaida, bila mtu kuhisi ameshiba kuliko jana.

Chukua mfano wa chai. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko viwili vya sukari, amekula vijiko sita. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takriban gramu 4 za sukari, ambazo ni kalori 16. Vijiko sita ni karibu kalori 100. Kijiko kilichojaa hadi kufanya kilima kinaweza kubeba mara mbili ya hapo.

Kalori 100 ni kidogo. Lakini mtu mzima akiziongeza kila siku juu ya mahitaji yake, makadirio ya wataalamu ni kwamba ataongeza takriban kilo 4 hadi 5 katika miaka michache, na karibu nusu ya kilo hizo zitaingia mwaka wa kwanza. Baadaye mwili uliokuwa mzito huhitaji nguvu zaidi kujiendesha, na uzito husimama mahali papya. Ikija tabia nyingine ndogo, kama soda ya saa saba au mandazi ya saa nne, uzito hupanda tena.

Ndiyo maana mtu anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba hali sana. Hajaona ongezeko kwa sababu lilikuwa dogo mno kuonekana.

Sahani imebadilika

Waulize akina shosho na guka waliokulia Mahiga, Iria-ini, Chinga au Karima. Chakula cha kila siku kilikuwa githeri iliyochemshwa, viazi vitamu, nduma, njahi, mboga za shambani na uji. Chapati ilikuwa chakula cha Krismasi na harusi. Soda ilikuwa ya wageni.

Leo chapati iko kwenye kila hoteli, kila siku. Kiamsha kinywa cha nduma kimeachia nafasi mkate mweupe na mandazi. Chipsi, smokie na soda zinapatikana stendi ya matatu kutoka asubuhi hadi usiku. Hata githeri, chakula chenye nyuzinyuzi na protini kinachoshibisha kwa muda mrefu, sasa aghalabu hukaangwa kwa mafuta mengi.

Mafuta ndiyo mgeni asiyeonekana. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au sukari ina kalori 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Mama anayemimina nusu kikombe kwenye sufuria ya watu watano ameongeza karibu kalori 1,000 kwenye chakula, yaani kalori 200 kwa kila sahani, kabla ya kuhesabu viazi, nyama au mchele. Hakuna anayeziona, kwa maana mafuta hayajazi sahani.

Vyakula vya kiwandani vina tatizo lake pia. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya kawaida visivyosindikwa sana. Kila mara waliruhusiwa kula hadi watosheke. Katika wiki za vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongeza karibu kilo moja. Hawakuwa walafi. Ni kwamba chakula laini, chenye sukari, chumvi na mafuta, huliwa haraka kabla tumbo halijatoa habari ya shibe.

Vinywaji hufanya hivyo hivyo. Soda ya nusu lita hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari, ambazo ni zaidi ya vijiko 12. Bia ya nusu lita ina takriban kalori 200. Anayekunywa bia tatu ameongeza kalori za mlo mzima, na nyama choma bado haijafika mezani.

Je, si kwa sababu tumeacha kutembea?

Wengi huamini hivyo, na maisha yamebadilika kweli. Boda boda hutufikisha mlangoni, maji ya mfereji yamefika katika boma nyingi, na watu wengi hufanya kazi wakiwa wameketi dukani, ofisini au nyuma ya usukani.

Hata hivyo, utafiti uliofanywa kwa majirani zetu Tanzania unatufundisha kuwa waangalifu. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi ni wawindaji na wachumaji. Wanaume wao hutembea takriban kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Mwaka 2012, watafiti walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku nzima. Walitarajia kukuta inazidi sana ile ya watu wa mijini huko Marekani na Ulaya. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, walikuta inakaribiana. Inaonekana mwili unaotembea sana hubana matumizi yake kwingineko.

Hii inaeleza jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Yuko mama anayechuma majani chai kutoka asubuhi, anayabeba hadi kituo cha kununulia, na bado uzito wake unapanda. Si mvivu. Jibu liko kwenye chai yenye sukari, mandazi ya mapumziko na mafuta ya chakula cha jioni.

Usielewe vibaya. Kutembea na kufanya kazi kwa mikono hushusha presha na sukari mwilini, huimarisha moyo na misuli, huleta usingizi, na humsaidia aliyepunguza uzito asiurudishe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Lakini usitarajie matembezi ya nusu saa yafute soda mbili. Ukitaka kupungua, anza na sahani na kikombe, kisha miguu isaidie.

Umri

Mwaka 2021, jarida la Science lilichapisha utafiti wa zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29. Ulionyesha kwamba kasi ya mwili kutumia nguvu, ukizingatia ukubwa wa mwili, haibadiliki sana kutoka miaka 20 hadi 60. Huanza kushuka pole pole baada ya hapo. Kwa hiyo kitambi cha miaka 40 hakitokani na mwili uliozeeka. Kinachobadilika katika umri huo ni maisha: pesa kidogo za ziada, gari au pikipiki, vikao vya jioni, usingizi mchache, na misuli inayopungua kwa kutotumika.

Uzazi na kukoma hedhi

Ni kawaida mama mjamzito aliyeanza na uzito wa wastani kuongeza kilo 11 hadi 16. Tatizo ni kilo zinazobaki baada ya kila uzazi. Mila yetu ya kumtunza mama aliyejifungua kwa uji, njahi na supu ni njema, na mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada. Lakini ule ulaji wa miezi ya kunyonyesha ukiendelea baada ya mtoto kuacha ziwa, uzito hubaki na mimba inayofuata huongeza mwingine juu yake. Mama mjamzito asijinyime chakula ili apungue. Wakati wa kulishughulikia jambo hili ni baada ya kujifungua, kwa ushauri wa muuguzi.

Mwanamke anapokoma hedhi, mafuta huhama kutoka mapajani na makalioni kuelekea tumboni, hata kama mizani haijasonga sana. Mafuta ya tumbo ndiyo yenye hatari zaidi kwa moyo na sukari.

Dawa na magonjwa

Baadhi ya dawa huongeza uzito kwa baadhi ya watu: sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari, prednisolone ikitumiwa muda mrefu, na baadhi ya dawa za kifafa, za magonjwa ya akili na za virusi vya ukimwi. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Presha, kisukari, kifafa au virusi visivyodhibitiwa vinaua haraka kuliko kilo tano. Mwambie daktari au muuguzi: "Tangu nianze dawa hii nimeongeza kilo kadhaa. Kuna nyingine inayoweza kunifaa?" Mara nyingi ipo. Kwa upangaji uzazi, kwa mfano, kuna koili isiyo na homoni.

Yako pia magonjwa yanayoongeza uzito, kama tezi ya shingoni kufanya kazi kwa uvivu. Dalili zake ni uchovu, kuhisi baridi kuliko wengine, ngozi kukauka na kufunga choo. Hupimwa kwa damu na hutibiwa. Lakini ni sababu ya watu wachache, na kilo inazoongeza kwa kawaida si nyingi.

Angalia sana hali moja. Uzito ukipanda kwa kilo kadhaa ndani ya siku chache, miguu ikavimba, na ukibonyeza muundi kwa kidole panabaki shimo, hayo si mafuta bali ni maji. Moyo, figo au ini huenda lina shida. Ukiwa pia unakosa pumzi unapolala chali, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Usingizi na mawazo

Anayelala saa nne au tano kila usiku huhisi njaa zaidi siku inayofuata, na hutamani vitu vitamu na vya mafuta. Mlinzi wa usiku, dereva wa matatu na mfanyakazi wa zamu ya usiku kiwandani wako katika hatari hii zaidi. Mawazo ya karo, deni au msiba pia huwasukuma wengine kwenye chakula na pombe. Huo si udhaifu wa tabia, na unaweza kumweleza muuguzi bila aibu.

Ukoo

Ni kweli watu huzaliwa na miili tofauti. Wawili wanaweza kula sawa, mmoja anenepe zaidi. Lakini damu ya ukoo haibadiliki kwa miaka 13, ilhali hesabu za unene nchini zimepanda sana kati ya uchunguzi wa 2008-09 na ule wa 2022. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Tena familia hairithishani damu tu, hurithishana pia sufuria, kijiko cha sukari na chupa ya mafuta. Kama kwenu kuna kisukari au presha, hiyo ni sababu ya kupimwa mapema.

Hofu ya kukonda

Kuna sababu isiyosemwa sana. Kwa miaka mingi mwili mnene umechukuliwa kuwa ishara ya maisha mazuri na ndoa yenye amani. Na tangu ukimwi ulipoenea, mtu akipungua watu huanza kunong'ona. Wapo waliokuwa wameanza kupunguza uzito vizuri, wakaacha kwa sababu majirani waliuliza kama ni wagonjwa. Ukiona jirani amepungua kwa makusudi, mpongeze. Na ukiona mnene, usimkejeli, kwani aibu humfukuza mtu kliniki badala ya kumpeleka.

Jipime nyumbani

Chukua kamba, uikate iwe sawa na urefu wako kutoka utosini hadi nyayoni. Ikunje mara mbili, kisha uizungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, uko vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi na unafaa kupimwa presha na sukari.

Ukiwa na mizani, gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 78 mwenye urefu wa mita 1.60 atagawanya 78 kwa 2.56 na kupata takriban 30.5. Jibu la 18.5 hadi chini ya 25 ni la kawaida, 25 hadi chini ya 30 ni uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Hesabu hii haitumiki kwa mama mjamzito.

Pa kuanzia

Huhitaji kuwa mwembamba kama ulivyokuwa shuleni. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulihusisha watu waliokuwa wakikaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni chini ya kilo 6. Anza hivi:

- Punguza sukari ya chai kwa nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea.
- Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila mlaji ni kingi tayari.
- Jaza nusu ya sahani mboga kama sukuma, managu, terere au kabeji. Robo iwe maharagwe, ndengu, yai, samaki au nyama. Robo iwe ugali, wali, viazi au chapati. Kumbuka kwamba mukimo ni wa robo ya mwisho, hata ukiwa wa kijani.
- Rudisha nduma, viazi vitamu na githeri ya kuchemsha kwenye meza.
- Kunywa maji. Weka soda iwe ya wageni tena.
- Tembea kila siku na ulale saa saba au zaidi.
- Epuka vidonge na majani ya kupunguza uzito yanayouzwa mitaani bila daktari. Huenda yana vitu visivyoandikwa kwenye pakiti.

Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze na daktari kabla ya kupunguza chakula, asije akaishiwa sukari ghafla.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao wengi huwaita CHP, walipewa mikoba ya kazi kuanzia 2023. Ndani yake mna mizani, kipima presha na kipima sukari. Wa kijiji chako akibisha hodi, mkaribishe akupime. Asipofika, nenda zahanati iliyo karibu. Omba vipimo vitatu: uzito, presha na sukari. Viandike kwenye daftari pamoja na tarehe, na urudi baada ya miezi mitatu uone kama vijiko ulivyopunguza vimeanza kuonekana kwenye mizani.